Maswali ya Wasomaji: Picha ya Kidijiti, Kuanzia Rasimu Hadi Kukamilika

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinahusu uchoraji wa kidijiti. Nimechagua nne, na kwa kuwa ya kwanza imegusa kiini cha kazi yenyewe, nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga, ninachora kwa kompyuta tangu nilipomaliza kidato cha nne. Rasimu zangu huwa na uhai na watu huzisifu, lakini nikishazipaka rangi na kuziongezea vitu vidogovidogo, picha hupoa na watu waliomo huonekana kama wamegandishwa. Sasa nataka kuchora mama muuza vitumbua akiwa pembeni ya barabara alfajiri, na kibatari kinawaka kando yake. Naomba unieleze mwendo mzima, na unionyeshe ni wapi ninapoupoteza ule uhai.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Umechagua mada nzuri sana, kwa sababu ina mianga miwili inayoshindana, yaani moto mdogo wa kibatari na anga inayoanza kupambazuka, na mchoraji akiweza kuipatanisha mianga hiyo atakuwa amejifunza mengi kuliko angechora sura kumi za watu waliosimama juani. Kuhusu uhai unaopotea, naamini haupotei wakati wa kuweka rangi. Unapotea kabla ya hapo, kwa sababu rasimu ya mistari humruhusu mtazamaji ajazie mwenyewe mahali palipo wazi, na mchoraji hudanganyika akadhani kwamba mambo hayo ameshayaamua, kumbe bado. Anapofika kwenye rangi hulazimika kuamua kila kitu kwa pamoja, mwanga unatoka wapi, kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, jicho litue wapi, na kwa kuwa tayari amekwisha kupenda mistari yake, huijaza tu kama mtoto anayejaza kitabu cha kupaka rangi.

Kwa hiyo anza na picha ndogo. Fungua turubai moja na uchore ndani yake rasimu ndogondogo, kila moja ikiwa na ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, bila mistari, kwa toni tatu tu: nyeusi, kijivu na nyeupe. Ninaposema toni nina maana ya kiwango cha weusi au weupe wa sehemu fulani ya picha, bila kujali ni rangi gani. Katika moja, mtazame mama kwa macho ya mteja aliyesimama. Katika nyingine, shusha jicho hadi kimo cha mtoto anayesubiri chenji, ili kikaango kiwe karibu sana na kichwa cha mama kionekane dhidi ya anga. Katika nyingine tena, simama nyuma ya mgongo wake, umuone akiwa kivuli kilichozungukwa na mwanga. Kwa picha yako mimi ningechagua ile ya kimo cha mtoto, kwa kuwa umbo la mama litakatwa vizuri na anga na mikono yake itakuwa katikati ya kila kitu. Kipimo cha kuchagua ni kwamba rasimu inayofaa hueleweka hata unapoitazama kutoka upande wa pili wa chumba. Isipoeleweka kwa udogo huo, hakuna unyoya wala uzi utakaouchora baadaye ambao utaiokoa.

Baada ya kuchagua, gawanya toni kwa makundi na usiruhusu makundi hayo yaingiliane. Barabara, kuta za vibanda na sehemu kubwa ya mgongo wa mama viwe kundi la giza. Anga iwe ya kati, ikiegemea giza. Kundi la mwanga liwe dogo, nalo ni mikono, kikaango, sehemu ya uso na upande wa sanduku lililobeba kibatari. Weupe kamili uuweke akiba kwa ajili ya ulimi wa moto peke yake. Ukiutumia pia kwenye meno, kwenye macho na kwenye sahani, moto wako hautawaka.

Hapa inafaa kukumbuka kanuni moja ya fizikia. Mwanga wa chanzo kidogo hupungua kwa kasi kadiri unavyosambaa, kiasi kwamba umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika ni robo tu. Ikiwa kibatari kiko shubiri mbili kutoka kwenye kikaango na shubiri nne kutoka usoni, basi uso unapokea takriban robo ya mwanga unaoangukia kikaango. Wachoraji wengi wanaoanza huuangaza uso sawa na mikono kwa sababu wanaupenda uso, na papo hapo kibatari kinageuka kuwa pambo lisilomulika. Kama unataka uso ung'ae zaidi, sogeza kibatari ndani ya picha. Ni ruhusa yako.

Sasa ikuze rasimu ndogo ijaze turubai kubwa, punguza ukolezi wake hadi ibaki hafifu, kisha ongeza tabaka jipya juu yake, lile ambalo wachoraji wengi huliita leya, mfano wa karatasi angavu inayowekwa juu ya picha. Katika tabaka hilo chora ujenzi: jinsi mama alivyokaa kwenye kigoda, uzito wake umeelemea nyonga ipi, bega la mkono unaogeuza kitumbua limeinuka kiasi gani. Vishimo vya kikaango ni duara, lakini kwa jicho lililoinama pembeni vyote vinakuwa duara zilizobonyea, na vyote lazima vibonyee kwa kiasi kinachokaribiana, vya mbali zaidi kidogo kuliko vya karibu. Kosa dogo hapo huonekana haraka kuliko kosa la mkono, kwa sababu kila msomaji wa gazeti hili anakijua kikaango cha vitumbua.

Kanga inahitaji uangalifu wa pekee. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati na ina jina, na mama akiifunga kifuani vitu hivyo havionekani vyote wala havinyooki. Chora pambo likiwa bapa katika tabaka lake, kisha ulikunje kwa zana ya kupindisha ili lifuate mikunjo ya kitambaa, na vivuli vya mikunjo uviweke katika tabaka la juu lenye mchanganyiko ule ambao programu nyingi huuandika Multiply, unaotia giza kile kilicho chini bila kukifuta. Ukifanya hivyo unaweza kubadilisha pambo hata siku ya mwisho bila kugusa vivuli.

Tukifika kwenye rangi, wapo wanaochora picha yote kwa kijivu na kuitia rangi mwishoni kwa tabaka la juu. Njia hii ina historia ndefu, hata wachoraji wa Ulaya wa karne zilizopita walijenga picha za mafuta juu ya msingi wa kijivu. Hata hivyo, kwa alfajiri yako siipendekezi peke yake, kwa sababu rangi inayomwagwa juu ya kijivu huwa ya aina moja kwenye mwanga na kwenye kivuli, na matokeo yake ni ngozi inayofanana na udongo uliokauka. Itumie kijivu kuthibitisha toni, kisha rudi kwenye udogo, utengeneze rasimu ndogo mbili au tatu za rangi, ndipo uchore kwa rangi halisi ukiifuata iliyokuridhisha.

Mwanga wa kibatari ni wa rangi ya chungwa, na mwanga wa anga kabla ya jua kuchomoza ni wa buluu. Kila kinachotazama kibatari kinapata rangi ya joto, na kila kinachokipa mgongo kinapata buluu ya anga. Kwa hiyo kivuli katika picha hii si cheusi, ni cha buluu iliyokolea. Kumbuka pia kwamba moto wa mafuta ya taa una buluu kidogo sana ndani yake, hivyo kanga ya buluu ikimulikwa nao huonekana ya kijivu au karibu nyeusi, ilhali kanga nyeupe huonekana ya manjano. Ukichukua buluu ya dukani mchana na kuiweka kwenye mwanga wa kibatari, jicho la mtazamaji litakataa hata kama hawezi kueleza sababu.

Ngozi nayo naomba tuiheshimu. Vibao vingi vya rangi za ngozi vinavyokuja pamoja na programu vimeegemea ngozi nyeupe ya waridi, na kijana wetu anapotaka ngozi nyeusi huchukua rangi hiyo na kuitia weusi. Matokeo yake huwa ni majivu. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kutoka ndani yake, na kwa hiyo mng'ao wa juu ya ngozi, kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa shavu na kwenye ncha ya pua, huonekana wazi zaidi na hubeba rangi ya mwanga ulioupiga. Upande wa kibatari, anzia kwenye hudhurungi yenye wekundu, panda hadi rangi ya shaba, kisha malizia kwa mng'ao wa manjano. Upande wa anga, weka mng'ao mwembamba wa buluu juu ya hudhurungi iliyokolea. Mama amekaa mbele ya mafuta yanayochemka, ana jasho, hivyo mng'ao huo una haki ya kuwa mkali.

Katika kupaka kwenyewe, tumia brashi kubwa kuliko unavyotamani na uiache ndogo hadi robo ya mwisho ya kazi. Fikiria kingo zaidi ya kufikiria mistari: ukingo wa mkono dhidi ya moshi uwe mkali, ukingo wa mgongo dhidi ya ukuta wa kibanda uachwe upotelee gizani. Mvuke wa vitumbua huonekana tu pale unapomulikwa huku nyuma yake pakiwa na giza, kwa hiyo usiutandaze picha nzima. Uache utokee juu ya kikaango na ufifie unapofika kwenye anga.

Na sasa jibu la swali lako la uhai. Usiipake picha yote kwa kiwango kimoja cha umakini. Vitu vidogovidogo vipeleke mahali patatu, yaani mikono, kikaango na uso, na barabara ya nyuma, vibanda na wapita njia viachwe na mipigo ileile mipana ya rasimu ya rangi, kama ilivyotoka mkononi mara ya kwanza. Iweke rasimu yako ndogo pembeni ya skrini muda wote, na kila unapopumzika linganisha. Kama rasimu bado ina nguvu kuliko picha kubwa, tafuta ni kundi gani la toni limevunjika. Mara nyingi utakuta umeongeza mwanga kwenye vivuli ili vitu vionekane, na kwa kufanya hivyo umeuzima moto. Igeuze picha kushoto kulia mara kwa mara ili uone kilichopinda, lakini hakikisha umeirudisha kabla ya kuimaliza, kwa kuwa jina la kanga lililogeuzwa litasomwa na kila mtu.

SWALI: Assalaam alaikum Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mombasa, na ninachora kwa simu usiku watoto wakilala. Naambiwa bila programu ya kulipia na tableti ya gharama siwezi kufika mbali. Tena kompyuta ya mume wangu hukwama nikifungua picha kubwa. Ni kweli nisubiri hadi nipate vifaa?

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Usisubiri. Rasimu za toni nilizomweleza kijana wa Tanga zinaweza kufanywa kikamilifu kwenye simu kwa kidole, na kwa maoni yangu ndizo nusu ya kazi. ibisPaint ni ya bure kwenye simu, ingawa ina matangazo, na inayo matabaka na michanganyiko yote unayohitaji. Kwenye kompyuta ipo Krita, ambayo ni programu huria, hutolewa bure na imeundwa kwa ajili ya wachoraji hasa. Procreate ni nzuri, ila ni ya vifaa vya Apple peke yake. Photoshop ilitoka mwaka 1990, na matabaka yaliingizwa ndani yake mwaka 1994. Leo matabaka hayo yako katika programu za bure pia, kwa hiyo hakuna siri iliyofungiwa humo.

Ukipata fedha kidogo, nunua kwanza tableti ya kuchorea isiyo na skrini, inayounganishwa na kompyuta kwa waya. Kinacholipiwa hapo ni kalamu inayohisi mkandamizo wa mkono, kwa sababu ndiyo inayokuwezesha kubadilisha unene na ukolezi wa mpigo mmoja bila kusimama. Mkono utachukua wiki kadhaa kuzoea kuchora mezani huku macho yakiwa kwenye skrini, na hilo lisikukatishe tamaa.

Kuhusu kompyuta kukwama, hesabu yake ni hii. Picha ya ukubwa wa A3 kwa nukta 300 kwa inchi ina pikseli 3508 kwa 4961, yaani zaidi ya milioni 17, na kila pikseli hutumia baiti nne katika mpangilio wa kawaida. Tabaka moja lililojaa linakaribia megabaiti 70 za kumbukumbu, na matabaka ishirini ni gigabaiti moja na zaidi. Kwa hiyo anza kazi kwa nusu ya ukubwa huo, fanya maamuzi yote ya toni na rangi, kisha uikuze kabla ya kuingia kwenye vitu vidogo. Matabaka uliyokwisha kuridhika nayo yaunganishe, ukibakiza nakala ya zamani kwa jina lingine. Hifadhi kila mara, kwani umeme wa kwetu haubishi hodi unapokatika.

SWALI: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Muscat. Nikichora watu wa nyumbani hutumia picha za kamera ninazozikuta mtandaoni, kwa sababu siko karibu nao. Rafiki yangu anasema huko ni kuiba. Je, mchoraji hodari hachori kutoka kichwani?

JIBU: Ndugu yangu, kutazama si udhaifu. Wachoraji wakubwa wa kila zama wametumia watu waliokaa mbele yao, maiti za kusomea mifupa, na tangu karne ya 19 picha za kamera. Kinachokatazwa ni kuchukua picha ya mtu mmoja na kuifuata mkao kwa mkao, mwanga kwa mwanga, kisha kuiuza kama yako. Picha ya kamera ina mwenyewe, na Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kama Kenya ilivyo na sheria yake ya mwaka 2001.

Njia salama, na iliyo bora zaidi kisanaa, ni kukusanya marejeo mengi kwa maswali tofauti: moja kwa ajili ya mkunjo wa kanga, jingine kwa ajili ya umbo la kibatari, jingine kwa rangi ya anga. Mkao wa mwili mwombe ndugu wa nyumbani akupigie kwa simu, au ukae mwenyewe mbele ya kioo ukiwa na taa ya mezani upande wa kushoto. Kamera nayo ina udhaifu ambao mchoraji anapaswa kuujua, kwani usiku hufanya vivuli vyote kuwa vyeusi na moto kuwa mweupe mtupu, ilhali jicho la mtu aliyesimama pale huona rangi katika vyote viwili.

SWALI: Nimechora picha ya usiku kwa ajili ya jalada la kitabu cha hadithi hapa Nairobi. Kwenye skrini ilikuwa inawaka, lakini kilichotoka kwa mchapaji kilikuwa giza tupu na rangi ya chungwa imefifia. Mchapaji anasema kosa ni langu. Nani mkweli?

JIBU: Bila kuiona picha siwezi kumhukumu yeyote, lakini tabia uliyoieleza ni ya kawaida kwa picha za giza. Skrini inatoa mwanga, karatasi inaurudisha tu. Skrini huchanganya nyekundu, kijani na buluu. Mtambo wa kuchapia hutumia wino wa samawati, wa zambarau-nyekundu, wa manjano na mweusi, na wino huo hauwezi kuzifikia baadhi ya rangi kali za skrini, hasa chungwa inayong'aa, kijani kibichi na buluu kali. Juu ya hayo, nukta za wino hutanuka zinapozama kwenye karatasi, na katika karatasi isiyo na mng'ao hutanuka zaidi, hivyo vivuli ulivyovitofautisha kwa shida huungana vyote kuwa kimoja.

Mwombe mchapaji akupe faili la maelezo ya rangi la mtambo na karatasi yake. Krita na Photoshop zote zinaweza kukuonyesha kwenye skrini jinsi picha itakavyokuwa kwa wino huo kabla ya kuchapwa. Punguza pia mwangaza wa skrini yako, kwa sababu wengi hufanya kazi usiku skrini ikiwa imewashwa hadi mwisho, na ndipo wanapodanganywa. Kisha pandisha toni za giza la kati kwa zana ya kurekebisha mwanga ambayo programu nyingi huiandika Curves, bila kugusa weusi wenyewe, hadi mikunjo ya nguo na kuta za nyuma zitengane waziwazi. Chungwa ya moto haitarudi kwa kuongezewa ukali. Itarudi ukizipoza na kuzififisha rangi zinazoizunguka, kwa sababu jicho hupima rangi kwa kulinganisha na jirani yake.

Peleka faili la TIFF au PDF, usipeleke JPEG iliyohifadhiwa mara nyingi, na uongeze milimita 3 za picha kila upande kwa ajili ya kukatwa. Kabla ya kazi yote kuchapwa, omba nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika na uitazame nje, mchana, mahali penye kivuli. Ukikuta giza limemeza kitu ambacho hadithi inakihitaji, rudi kwenye faili lako lenye matabaka na urekebishe tabaka hilo peke yake, kisha umwombe mchapaji nakala nyingine ya majaribio.